Mwaka Usio na Namba

Mafungu ya kusoma juma hili: Hesabu 26:1–4, 33 na 51, Hesabu 27:1–11, Zaburi 56:8.



Mwaka 1976 Posta ya Afrika Mashariki, iliyokuwa bado ikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilitoa stempu za Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Stempu moja ilikuwa na picha ya John Akii-Bua, mruka viunzi wa Uganda. Nyingine ilikuwa na Steve Muchoki, bondia wa Kenya. Nyingine ilikuwa na kijana wa Karatu, Filbert Bayi, mkimbiaji wa mita 1,500 wa Tanzania. Stempu hizo zilibandikwa kwenye barua zikasafiri. Lakini kati ya vijana hao watatu, hakuna hata mmoja aliyeshindana Montreal. Nchi zetu zilijitoa kwenye michezo hiyo, nao wakabaki nje ya uwanja ambao picha zao zilikuwa zimekwisha kuutangaza.

Wamarekani wana desturi inayofanana na stempu hizo. Katika mchezo wao wa besiboli, kila mchezaji anayejulikana huchapishiwa kadi ndogo ya kutosha kiganjani. Mbele huwa na picha yake. Nyuma huwa na jedwali: mwaka, timu, idadi ya mechi, idadi ya mapigo, wastani. Watoto huzikusanya na kubadilishana, na wengi huzitunza mpaka uzeeni. Mtu akiokota kadi ya miaka 60 iliyopita huigeuza nyuma, akashuka mstari kwa mstari, na kwa dakika chache anadhani amemjua mchezaji. Nyuma ya stempu ya Bayi hakuna jedwali. Naomba tumwandikie leo, kisha tulisome pamoja kama watu wa imani.

Mwaka 1974: tarehe 2 Februari, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika uongozi mapema na hakumwachia mtu hadi mwisho. Alimaliza mita 1,500 kwa dakika 3:32.2. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyokuwa imedumu tangu 1967, ilivunjika. John Walker wa New Zealand, aliyefika wa pili kwa 3:32.5, naye alikuwa ameipita rekodi hiyo ya zamani na bado akashindwa. Muda wa Bayi ulibaki kuwa bora wa Michezo ya Madola hadi 2022.

Mwaka 1975: tarehe 17 Mei, mjini Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3:51.0, rekodi nyingine ya dunia. Agosti hiyo hiyo Walker aliichukua kwa 3:49.4.

Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal: hakuna kitu.

Mwaka 1978: Edmonton, Kanada, medali ya fedha katika mita 1,500. Mwaka 1980: Olimpiki ya Moscow, medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kwa dakika 8:12.5. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000. Mpaka leo medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.

Msomaji asiye na habari akifika kwenye mstari wa 1976 atafikiri nini? Atasema labda kijana alilewa sifa. Labda aliacha mazoezi. Labda kasi ilikwisha, maana hata rekodi yake ya maili ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Jedwali lenyewe halitamkataza kuwaza hivyo, kwa sababu jedwali halina mahali pa kuandikia sababu.

Sababu ilikuwa Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana wakapigwa risasi. Majuma machache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru nchi hiyo ya ubaguzi, ikicheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zikadai New Zealand isishiriki Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokataa, nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikajitoa. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwake. Mpinzani mkubwa wa Bayi, yule Walker, alikuwa Mnyuzilandi, na wapenzi wa riadha duniani walikuwa wakiingoja siku ya wawili hao kukutana tena huko Montreal. Haikufika. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3:39.17.

Tusiseme kwamba Bayi angeshinda. Mbio za fainali hukimbiwa kwa mbinu na hazishindwi kwa saa ya mwaka juzi, na Walker alishinda kwa haki. Tunachoweza kusema ni kwamba mstari ule mtupu umebeba jambo zito kuliko mistari mingi iliyojaa. Kijana wa miaka 23, katika nguvu zake zote, alilipa sehemu ya gharama ya nchi yake kukataa ubaguzi. Na hakuichagua gharama hiyo mwenyewe. Uamuzi ulifanywa na wakubwa, yeye akautii. Mwaka 1994 watu weusi wa Afrika Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza. Jedwali la mkimbiaji halina safu ya kuandika mchango wa aina hiyo.

Ndugu zangu, nimeleta habari hii kwa sababu sisi nasi tunaishi na majedwali. Mtoto akizaliwa ana kadi ya kliniki: uzito, urefu, chanjo. Akienda shule ana ripoti: wastani, nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Akimaliza kidato cha nne ana divisheni. Mkulima wa tangawizi ana daftari la mizani: kilo ngapi, bei gani, msimu gani. Na hapa kanisani, kila Sabato asubuhi, makarani wa madarasa ya Shule ya Sabato huhesabu: waliohudhuria ni wangapi, waliojifunza lesoni siku zote saba ni wangapi, waliotembelea wagonjwa ni wangapi, sadaka ni kiasi gani. Mwisho wa robo tunasomewa taarifa, na darasa lililofanya vizuri linapongezwa.

Sizilaumu hesabu hizo. Mchungaji asiyejua idadi ya kondoo hatajua ni yupi aliyepotea. Yule wa kwenye mfano wa Bwana wetu alijua mmoja hayupo kwa sababu alikuwa na hesabu ya mia. Ninachoogopa ni macho yetu tunapofika kwenye mstari mtupu.

Yuko mama ambaye mwaka mzima jina lake halikuonekana kwenye taarifa ya waliohudhuria. Alikuwa nyumbani na mama mkwe aliyepooza, akimgeuza kitandani, akimlisha, akimfulia. Shamba lake la tangawizi halikupaliliwa kwa wakati, mavuno yakawa machache, na zaka yake ikawa ndogo. Ukimsoma kwa daftari la mahudhurio, ni mshiriki aliyepoa. Ukimsoma kwa daftari la mizani, ni mkulima mzembe. Ukimsoma kwa daftari la hazina, ni mtoaji aliyerudi nyuma. Vitabu vitatu vimekubaliana, na vyote vitatu vimemkosa.

Yuko kijana aliyeacha shule mwaka mmoja baba alipofariki, akachukua jembe ili wadogo zake waendelee. Kwenye maombi ya kazi anaulizwa: mwaka huu ulikuwa wapi, mbona hauna kitu? Yuko mzee aliyekuwa mwinjilisti hodari, aliyetembea kwa miguu vijiji hivi vyote, na sasa maradhi yamemfunga ndani. Makambi yamepita bila yeye. Hatajwi tena, kana kwamba utumishi wake ulikoma pale miguu ilipokoma. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka mtupu wa mwenzako ni kitanda ambacho wewe hukukilalia.

Kanisa letu lenyewe lina miaka ya namna hiyo. Waadventista wa kwanza kuja Tanganyika walikuwa Wajerumani, nao walifika mwaka 1903 na kuanza kazi Giti, katika milima hii hii ya Upare. Kwa miaka kumi na zaidi taarifa zilikwenda Ulaya: shule, wanafunzi, waliobatizwa. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Waingereza wakaitwaa nchi, wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Kwa miaka kadhaa waumini wa milimani walibaki bila mmisionari. Aliyekuwa akizisoma taarifa akiwa mbali angeweza kudhani kwamba kazi imekufa. Wamisionari wengine walipokuja baada ya vita, walikuta waumini. Nani aliwafundisha watoto miaka ile? Nani aliomba na wagonjwa, nani aliita watu Sabato asubuhi? Walikuwa babu na bibi zetu, wengi wao wasioandikwa mahali popote. Imani tunayoirithi leo ilivuka kwa miguu yao katika miaka isiyo na taarifa.

Basi tulifungue Neno. Kitabu cha nne cha Musa kina hesabu mbili kubwa za watu. Ya kwanza ilifanywa Sinai, ya pili kwenye nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani, baada ya karibu miaka 40 ya jangwani. Sheria ya kuhesabu ilikuwa moja: wanaume wa miaka 20 na zaidi, wanaoweza kwenda vitani. Jumla ya kwanza ilikuwa 603,550. Jumla ya pili ni 601,730. Anayesoma namba tupu ataona taifa lililotembea miaka yote hiyo likapungua kwa watu 1,820. Hataona mana ya kila asubuhi. Hataona kwamba kizazi kizima kilizikwa njiani na kizazi kingine kikalelewa hemani mpaka kikafika ukingoni mwa nchi ya ahadi. Malezi hayo yote yamejificha katikati ya namba mbili.

Kisha soma fungu la 33 la sura ya 26. Katikati ya orodha hiyo ya wanaume wa vita, katika kabila la Manase, mwandishi anafika kwa mtu aitwaye Selofehadi, aliyekufa bila mtoto wa kiume. Kwa sheria ya kuhesabu, nyumba hii ingepitwa kimya. Lakini anaandika majina matano: Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirza. Mabinti. Hawahesabiki kwenye jumla ya 601,730, wala hawawezi kuitwa vitani, lakini Roho wa Mungu amehakikisha majina yao yamo katika kitabu.

Na sura inayofuata inaonyesha kwa nini. Hesabu ile ilikuwa ya kugawia ardhi. Asiyekuwa kwenye orodha hakuwa na urithi. Mabinti hao watano walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na kusanyiko lote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuwa na mwana. Musa hakuwa na jibu. Aliipeleka kesi kwa Bwana, na Bwana akaamua kwamba mabinti wamesema haki, wapewe urithi. Orodha ilikuwa imewaacha nje kwa kufuata utaratibu, na Mungu akaubadilisha utaratibu. Hata hivyo iliwabidi waje tena kudai mbele ya Yoshua, wakati wa kugawa nchi ulipofika, kama tunavyosoma katika Yoshua 17. Haki iliyokwisha kuandikwa bado inahitaji mtu wa kuisimamia.

Huku kwetu neno hili lina kazi ya kufanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo, baba akifa, ni mara ngapi ukoo umekaa, ukagawa mashamba, na jina la binti halikutajwa? Wazee wa kanisa wanaokaa kwenye vikao hivyo wakumbuke majina matano ya Hesabu 26.

Hata dunia ya michezo imelazimika kujifunza hili. Kwa miongo mingi wachezaji weusi wa Marekani walizuiwa kucheza katika ligi kuu za besiboli, wakacheza katika ligi zao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Josh Gibson, mpigaji wa ajabu, aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla mchezaji mweusi mwenzake, Jackie Robinson, hajafungua mlango wa ligi kuu. Katika vitabu rasmi Gibson alikuwa kama mtu asiyekuwepo. Mwezi Desemba 2020 wakuu wa besiboli walikiri kwamba ligi zile nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake ziliingizwa kwenye rekodi. Gibson akaonekana juu kabisa ya orodha, na wastani wa .372, akiwapita wote waliosifiwa kwa miaka mingi. Ilichukua miaka 77 tangu kifo chake. Alikuwa bora muda wote huo. Kitabu ndicho kilichochelewa.

Kitabu cha Mungu hakichelewi. Katika Zaburi ya 56 Daudi yuko mikononi mwa Wafilisti huko Gathi, amekimbia nyumbani, hana jeshi, hana kiti cha enzi. Ukiuandika mwaka ule kwenye jedwali la wafalme, ni mwaka mtupu. Lakini katika fungu la 8 anasema Mungu amehesabu kutangatanga kwake na kuyahifadhi machozi yake, na kwamba hayo yote yamo kitabuni mwake. Angalieni kile ambacho Mungu amekihesabu. Hakuhesabu maadui waliouawa wala miji iliyotekwa. Amehesabu hatua za mkimbizi na machozi ya mtu aliyeogopa. Mungu wetu ni Mungu wa hesabu. Bwana Yesu alisema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Tofauti ni kwamba anazo safu ambazo vitabu vyetu havina.

Kwa hiyo, mpendwa unayeutazama mwaka wako na kuona hauna kitu, nakusihi usijisome kwa jedwali la wanadamu. Kama mwaka ule ulimuuguza mtu, au ulikataa rushwa ukakosa kazi, au uliitunza Sabato ukapoteza kibarua, au ulikuwa tu chini ya mzigo wa huzuni na bado ukaomba, mwaka huo umeandikwa. Na kama ulikuwa mwaka wa dhambi na uzembe kweli, kitabu hicho hicho kina nafasi ya toba. Rudi leo, usingoje mwaka mpya. Filbert Bayi alirudi uwanjani baada ya 1976, akapanda jukwaa la washindi Moscow, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi na mwanzilishi wa shule zinazosomesha watoto wetu. Mstari mtupu haukuwa mwisho wa jedwali lake.

Nanyi makarani na wazee wa kanisa, endeleeni kuhesabu kwa uaminifu. Lakini kabla ya kusoma taarifa ya robo hii, chukueni majina ya wale ambao nafasi zao zimebaki tupu mkawatembelee mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, hata wale wa ng'ambo ya bonde. Msiende kuwauliza kwa nini hawakuja. Nendeni mkawaulize mwaka umekuwaje, kisha mnyamaze msikilize. Mkikuta mgonjwa, acheni kuni na maji. Mkikuta shamba lililozidiwa na magugu, Sabato ikipita rudini na majembe. Na mkikuta binti aliyenyimwa shamba la baba yake, simameni naye kikaoni. Kazi hiyo ianze juma hili.